Kichaka cha Mke Wangu

Watu wa mtaa wetu hawapendi majani marefu, na siwalaumu. Ukikaa Eastlands miaka niliyokaa mimi, unajua majani marefu ni nini: ni mahali pa kuporwa simu, mahali pa kutupia paka aliyekufa, na, Mungu atuepushe, mahali ambapo asubuhi watu husimama wameziba midomo kwa viganja wakisubiri polisi. Kwa hivyo mtu wa kwetu akiona jani limefika gotini, mkono unamwasha. Anatafuta slasha afyeke.

Ndiyo maana bustani ya umma ilipotengenezwa kule chini kando ya mto, mahali palipokuwa jaa la taka tangu tuhamie, kila mtu alitaka kitu kimoja: nyasi fupi. Nyasi fupi, viti vya saruji, waridi zilizopangwa mstari, na mawe yaliyopakwa chokaa pembeni mwa njia. Tukapata. Jioni ukipita pale unakuta wapenzi wameketi, watoto wanabiringika, na wazee wenzangu wanabishana siasa kana kwamba wameulizwa. Palikuwa pazuri, sisemi uongo.

Ila kona ya chini kabisa, inayopakana na mto, haikutakwa na mtu. Udongo wake ulikuwa mawe na vigae vya chupa, na waridi zilipopandwa pale zilikataa. Katika mkutano wa wakazi, mke wangu akanyoosha mkono akasema, "Hiyo nipeni mimi." Nilikuwa nimeketi kando yake na sikuwa nimeambiwa lolote. Mbele ya wageni mimi ndiye kichwa cha nyumba; mambo mengine huyasikia mkutanoni kama raia wengine.

Nilidhani atapanda sukuma wiki. Thubutu! Akaanza kung'oa vitu ambavyo mimi niliviona maua, na kuacha vitu ambavyo mimi niliviona magugu. Nilipomuuliza akasema kwamba mahali pale palikuwa na mimea yake kabla sisi hatujaja na mabati yetu, na yeye anataka irudi. Akapanda mkuyu karibu na maji, mgunga huku juu, akajaza shubiri kwenye mawe, na leleshwa ambayo ukiifikicha mkononi inanukia dawa. Nyasi za porini akaziacha ziote zenyewe, zikafika kiunoni, zikakauka zikawa na rangi ya ngano, na hakuzigusa.

Mimi ni mtu wa Mkoa wa Kati. Nimekulia kwenye vilima ambako kila mmea una kazi: ama unachumwa, ama unaliwa, ama unauzwa uwe nguzo za stima. Yeye ni wa Ukambani, kule kukavu, ambako mti ukiweza kusimama tu unaheshimiwa. Akanifundisha kwamba jakaranda tunayoipigia picha si ya hapa, mkaratusi si wa hapa, hata mwarobaini tunaouapia kwa dawa ulikuja na watu.

"Na mimi je?" nikamuuliza. "Mimi ni mmea wa asili?"

"Wewe ni gugu," akasema. "Lakini nimekuzoea."

Manung'uniko hayakukosa. Vijana wanaolinda bustani walinisimamisha mara kwa mara: "Niaje mzae, hii kichaka ya mathe si tuitoe tuweke pa kuosha magari?" Siku kinyonga alipoonekana kwenye leleshwa, mama mmoja alikimbia akaacha kiatu. Lakini ndege wakaja. Kwera wakasuka viota vyao juu ya maji, na wale wadogo wenye midomo iliyopinda, chozi, wakawa wanafyonza maua ya shubiri asubuhi mpaka unasimama kuwatazama hata kama umechelewa kazini. Mimi ni dereva wa basi la shule. Kuchelewa kwangu ni kilio cha watoto mitaa mizima. Na bado nilisimama.

Aliyenung'unika zaidi, na kwa mapenzi zaidi, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Huyu anauza nguo za watoto katika soko la Gikomba, na sauti yake ni ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Ana moyo mkubwa kuliko duka lake. Mtu akizaa, yuko. Mtu akiuguza, yuko. Alikuwa akisimama pembeni mwa kona, mikono kiunoni, na kumwambia mke wangu, "Dadangu, nyumba yako mtu anaweza kula sakafuni. Sasa huku ulilogwa na nani?"

Mke wangu alikuwa akicheka tu.

Mtu mmoja tu aliipenda kona ile siku ya kwanza alipoiona, naye ni mama mkwe wangu. Alikuja Nairobi kutibiwa magoti. Kwao mila hairuhusu mama kulala kwa mkwe wake, na mama mkwe wangu, pamoja na ulokole wake wote, mila hiyo hakuiacha. Alilala kwa mpwa wake, mtaa wa Njiru, na kila asubuhi akaletwa kwetu. Hata kukaa sebuleni nikiwepo kulimpa taabu. Tulikuwa tukisalimiana kila mmoja akitazama ukuta wake. Basi mchana wote alikuwa anashinda kule chini, kwenye kona, ameketi juu ya gunia katikati ya nyasi za binti yake. "Hapa napumua," alisema. "Kule juu watu wamekaliana vichwani."

Mama wakwe wengine huja mjini na kuku. Yeye alikuja na tawi la mti ule ambao kwao wanauita muvuti na kwetu tunauita muhuti: wenye miiba, magome mazito, na maua mekundu yanayotoka wakati mti hauna jani hata moja. Alilichimbia mwenyewe, akapiga magoti yale yale mabovu, na hakutaka kusaidiwa. Akamwambia binti yake, "Huu ukichanua, nipigie simu uniambie. Nitajua mko hai."

Tawi likashika. Kila kiangazi lilipukutika majani hata ukadhani limekufa, halafu siku moja unaona wekundu kwenye ncha, na mke wangu anatoa simu palepale kwenye kona, anaongea Kikamba kwa sauti ya juu akicheka. Sikujua walikuwa wakisema nini. Niliyajua tu maneno mawili matatu, na moja lilikuwa mvua.

Mama mkwe alifariki kiangazi kilichopita, ghafla, shambani kwake. Sitayaeleza yote. Nitasema tu kwamba jirani wa Eastlands ukimfahamu wakati wa raha tu, humfahamu. Jioni zote za matanga nyumba yetu ilijaa hadi ngazini. Waliimba, waliomba, walichemsha chai kwenye sufuria za kukopa kanisani, na siku ya mazishi wakatusindikiza hadi Ukambani kwa basi zima. Mwenyekiti alifunga duka lake siku zote hizo. Mke wangu ni kifungua mimba, basi kule nyumbani kwao ndiye aliyekuwa akiagiza: hema liwekwe hapa, maji yaletwe, nani amekula, nani hajala. Sikumwona akilia. Nilidhani machozi yatakuja watu wakiondoka.

Baada ya mazishi yeye akabaki na ndugu zake kupanga mambo ya boma, mimi nikarudi kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa. Siku aliyotarajiwa kurudi, mwenyekiti alinijia asubuhi akanyoosha mkono. "Ufunguo, mzee." Sikuuliza. Kwetu mtu aliyefiwa harudi kwenye nyumba yenye vumbi; wenzake huingia wakaifagia, wakaisugua, wakampikia, ili akifungua mlango aone kwamba ana watu. Nikatoa ufunguo, nikaenda zangu kuendesha basi.

Niliporudi alasiri niliona moshi kule chini. Nikasema ni takataka. Halafu nikaona unatoka wapi, nikaanza kutembea kwa kasi, mimi na kitambi changu.

Kumbe nyumba walikuwa wameimaliza mapema, nguvu zikabaki. Na mwenyekiti akawaambia wenzake, "Na kile kichaka chake, tumwache akikute hivyo? Mtu ana huzuni na bado arudi kwa vichaka?"

Ngai! Kila kitu kilikuwa kimelala chini. Nyasi, leleshwa, migunga michanga, yote. Na hawakuishia hapo, walifagia. Walifagia udongo kwa fagio mpaka ukawa na mistari kama ua wa mama anayesubiri wageni. Mawe ya shubiri yalikuwa yamepakwa chokaa. Lundo lilikuwa linaungua pembeni, na katikati ya uwanja ule mtupu kilikuwa kisiki cha muvuti, kimekatwa usawa wa kifundo cha mguu.

Mwenyekiti alikuja akinikimbilia, leso imefungwa kiunoni, masizi usoni, na sijapata kumwona mtu mwenye furaha vile. "Mzee, ona! Kazi ya siku moja! Lakini hicho kijiti kikavu hicho, lo, kilinitoa jasho. Tazama kilivyonichoma." Akanionyesha kidole alichokifunga kitambaa.

Wanaonijua wanajua mdomo wangu. Nimewahi kumgombeza askari wa trafiki mpaka akaniomba niende zangu. Siku hiyo niliufungua mdomo, nikatazama kile kidole, nikasema, "Asanteni."

Nilikuwa na nia ya kumpokea mke wangu stendi nimwambie kabla hajaona. Lakini akina mama walifika kabla yangu. Walimpokea kwa nyimbo, wakambebea mizigo, na hawakupita hata nyumbani. Wakamshika mikono huku na huku wakamshusha bustanini. "Funga macho," mwenyekiti akamwambia. Akafunga. "Haya, fungua."

Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Niliona mabega yake yakipanda, yakabaki pale juu. Alitazama mawe meupe. Alitazama kisiki. Kisha akageuka, akamkumbatia mwenyekiti, akamkumbatia mmoja mmoja wote, akasema, "Asanteni sana. Mungu awabariki. Nina watu."

Walilia kwa furaha. Yeye hakulia.

Nyumbani kulikuwa na chapati zimefunikwa, na sakafu ilikuwa inateleza kwa usafi. Nilipofunga mlango tu nikalipuka. Nikasema kesho naenda kwa yule mwanamke na nitamwambia alichofanya, amkatie mtu mti wa mama yake halafu aonyeshe kidole!

"Hutaenda," akasema.

"Nitaenda!"

"Aliacha duka lake. Alisugua choo changu. Ukimwambia, atajichukia mpaka siku anayokufa. Asante ya punda hiyo, mimi siitoi. Niapie hutasema."

"Mficha uchi hazai," nikamwambia.

"Mimi nimeshazaa," akajibu. "Niapie."

Nikaapa. Na nilidhani mambo yameishia hapo.

Lakini wema ukishukuriwa hurudi. Mwenyekiti alitangaza kwenye kundi la mtaa, kwa picha, kwamba kona ya dada yetu sasa ni mfano kwa bustani nzima, na kwamba akina mama mvua zikianza watakuwa wanaifyeka Jumamosi moja kila mwezi, ili dada asihangaike peke yake na majonzi yake. Watu wakaweka vidole gumba na mikono ya maombi. Mke wangu aliandika, "Amina."

Akaacha kwenda kule. Akitumwa na haja upande ule alizunguka kwa barabara ya juu. Nyumbani alifanya kazi zake zote, akanijibu niliyomuuliza, akacheka pale panapochekewa, na mama yake hakumtaja hata mara moja. Nikilitaja jina la kwao, anainuka kwenda kuangalia chungu. Niliogopa, nasema wazi. Nimeendesha magari maisha yangu yote, na najua injini inayonyamaza ghafla si injini iliyopona.

Mvua zikanyesha. Jumanne moja nikitoka kazini nilipitia bustanini, na sijui miguu ilinipelekaje hadi kwenye kona. Nyasi zilikuwa zimerudi kidogo, kijani kibichi. Nikainama juu ya kile kisiki. Pembeni mwa ganda, chini kabisa karibu na udongo, yalikuwa yametoka machipukizi, mafupi kama vidole vya mtoto, na tayari yana miiba.

Nilimwambia akiwa anachambua maharagwe. Aliinuka na sinia mkononi, hakuliweka, akatoka nalo. Nilimkuta kule amepiga magoti, sinia limewekwa kwenye nyasi. Hakuwa akigusa chochote. Alisema tu, "Jumamosi wanakuja."

Hapo ndipo nilipoelewa amefungwa kiasi gani. Akisema, atamvunja mtu aliyempenda siku alipohitaji kupendwa. Akinyamaza, atasimama pale na kutazama mkono wa mama yake ukikatwa mara ya pili, na safari hii anajua siku. Nikasema nizungushie waya. Akasema watautoa kwa sababu unaharibu usafi. Nikasema niweke mawe. Akasema watayapaka chokaa. Nikasema basi niruhusu niseme mimi. "Uliapa," akasema. Siku zile zote hadi Jumamosi hakula vizuri.

Jumamosi walikuja na slasha zao, wanaimba. Mke wangu alikuwa ametangulia. Naye alikuwa amebeba slasha, sijui ya nini, pengine ili aonekane mmoja wao. Mimi nilisimama njiani na kiapo changu.

Walianza juu wakateremka, slasha zikienda kwa mdundo mmoja. Mke wangu alifyeka pamoja nao. Kila walivyokaribia katikati, yeye alikuwa anajisogeza mbele ya kisiki, anafyeka mahali palipokwisha kufyekwa. Mwenyekiti akamzunguka kwa upande wa pili, akaona.

"Ala! Hiki kijiti hakikomi! Kimerudi!" Akacheka, akainua slasha juu ya bega.

"Usikate!"

Miaka yote niliyoishi naye sikujua mke wangu ana sauti ile. Hata vijana wa juu waligeuka. Mwenyekiti alibaki na mkono hewani.

"Usikate," mke wangu akarudia. "Huo aliupanda mama. Kwa mikono yake. Ulikatwa nikiwa nimetoka kumzika, nikanyamaza kwa sababu mlikuja kunifariji. Siwezi tena. Nimejaribu, haki ya Mungu, nimejaribu. Siwezi kumzika mara ya pili."

Mwenyekiti alishusha slasha polepole mpaka ikagusa chini. Alitazama kile kisiki, akatazama kidole chake, pale palipokuwa na kovu.

"Na ile asante?" akauliza. Sauti yake ya Gikomba ilikuwa imekwisha yote. "Ulinikumbatia. Ukasema una watu."

"Ilikuwa ya kweli."

"Haiwezi kuwa ya kweli."

"Ilikuwa ya kweli, na iliniua."

Mwenyekiti akaketi. Mwanamke mzito, aliketi palepale kwenye udongo na nguo yake nzuri, miguu imenyooshwa mbele. Nikadhani sasa yamekuja yale tuliyoyaogopa, atalia, ataondoka, kikundi kitavunjika, mtaa utasema. Wengine nao wakaketi, mmoja mmoja, slasha zimelala kando yao.

"Tulikuja kwako jioni zote zile," mwenyekiti akasema mwishowe. "Tumeimba, tumeomba, tumepika, tumefyeka. Mimi mdomo wangu haulali. Na sikukuuliza hata siku moja mama yako alikuwa mtu wa namna gani." Akapangusa uso kwa leso. "Nakuuliza sasa, dadangu. Alikuwaje?"

Mke wangu alifungua mdomo ajibu, na badala ya maneno kikatoka kilio. Kilikuwa kile nilichokingoja Ukambani, kile nilichokingoja nyumbani, kimekuja na nguvu zake zote. Nilipiga hatua kumwendea, mwenyekiti akaninyooshea kiganja bila kunitazama: mwache. Akasogea kwa makalio mpaka akamfikia, akamlaza kichwa mapajani mwake kama mtoto anayesukwa nywele. Wakamwacha alie. Hakuna aliyemwambia anyamaze, hakuna aliyeanzisha wimbo.

Kilipopungua, akajibu swali.

"Alikuwa mkali," akasema, kamasi zikimtoka. "Mkali kweli. Kwa mti huu, angewachapa nyote."

Kicheko kikawatoka, kile kicheko cha watu wenye machozi. "Haki angeanza na mimi," mwenyekiti akasema.

Mke wangu akatikisa kichwa, bado kimelala mapajani mwa yule mwanamke.

"Hapana," akasema. "Angeanza na mimi. Kwa kunyamaza."